Mashine ya Wajawazito na Kibofu cha Mchunga Ng'ombe

Mvua za mwishoni mwa mwaka zikishika, ardhi nyeusi ya mbuga za Manonga hunywa maji mpaka ikakinai, na yanayobaki yakatuama. Kwa mkulima wa Choma, wilayani Igunga mkoani Tabora, hiyo ni habari njema. Majaruba yamejaa, mpunga utapandwa, ng'ombe watakunywa bila kuswagwa mbali. Kwa watoto ni njema zaidi. Lambo limefurika, jua la saa sita linawaka, na sijapata kumwona mtoto mchungaji atakayekaa kivulini wakati maji yapo.

Ndani ya maji hayohayo yumo konokono mdogo wa jamii ya Bulinus. Kiangazi chote alikuwa amejizika kwenye tope lililokauka na kupasukapasuka, akiwa hai. Maji yakirudi huamka. Mtoto mwenye mayai ya minyoo akikojolea lambo, mayai hupasuka na vilivyomo humwingia konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono huanza kutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, hasa mchana jua linapokuwa kali, yaani saa zilezile za kuogelea. Viluwiluwi hivyo hutoboa ngozi kwa dakika chache tu. Huingia kwenye damu, hukomaa, kisha minyoo ya aina ya haematobium huhamia kwenye vishipa vya damu vinavyozunguka kibofu cha mkojo. Hapo dume na jike huishi wamekumbatiana kwa miaka, jike akitaga kila siku mayai yenye mwiba mmoja nchani.

Hicho ndicho kichocho cha mkojo. Mtu wa Unyamwezi au Usukuma hahitaji kuelezwa dalili yake kuu: matone ya mwisho ya haja ndogo huwa mekundu. Katika vijiji vingi vya Afrika imekuwa kawaida kiasi kwamba wazee waliihesabu kuwa hatua ya kukua kwa mvulana, wakapita. Leo tunaijua dawa, tunajua kipimo cha mkojo, na shuleni watoto hupimwa urefu na kupewa vidonge vya prazikwanteli. Mambo hayo yamesemwa sana na sitayarudia. Kinachozungumzwa kidogo ni yale yanayobaki mwilini mnyoo ukishakufa, na mashine ndogo inayoweza kuyaona, ambayo katika vituo vingi vya afya vijijini imewekewa mipaka isiyoandikwa popote: ni ya akina mama wajawazito.

Habari ya kupiga picha njia ya mkojo katika ukanda huu si ngeni hata kidogo. Kaskazini mwa Igunga, ukivuka Shinyanga na kukaribia Mwanza, kuna mahali panaitwa Usagara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wawili waliokuwa wakitafiti kichocho Mwanza, D. M. Forsyth na David Bradley, walifanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifikiria. Watoto wa shule walioonekana wazima, wanaocheza mpira na kwenda kuteka maji, walipelekwa kwenye eksirei. Picha za namna hiyo zilihitaji dawa ya kuchoma mshipani ambayo figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Inaposhuka, hung'aa kwenye filamu, ikachora figo, mirija inayoteremka, hadi kibofu.

Walichokiona kiliwashtua. Baadhi ya watoto hao walikuwa na mirija iliyotanuka na kupindapinda, figo zilizovimba kwa mkojo uliokosa njia, na vibofu vyenye ukingo mweupe wa chokaa. Mwaka 1964 walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet la Uingereza, wakisema waziwazi kwenye kichwa cha makala kwamba madhara ya mnyoo huu kwa watoto wa shule hayarudi nyuma. Mwaka uliofuata Forsyth, safari hii na George Macdonald, alitoa ripoti ya shule ya Usagara. Na baada yake ikaja ya shule ya Donge, Unguja. Kabla ya hapo wakubwa wengi wa tiba walikuwa wakikitaja kichocho kama kero ndogo ya watu wa tropiki. Filamu za Usagara ziliwanyima hoja.

Tukumbuke wakati wenyewe. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru juzi. Mtoto asiyelia wala kulalamika alikuwa amebeba figo iliyovimba, na mama yake hakujua, mwalimu wake hakujua, hata mganga wa zahanati asingejua kwa kumtazama. Bila ile filamu angeendelea kuitwa mzima.

Ila eksirei ya namna ile ilikuwa na masharti yake. Ilitaka jengo, umeme wa kutosha, chumba cha giza cha kusafishia filamu, sindano ya dawa ambayo huwadhuru baadhi ya watu, na mionzi ambayo hakuna anayependa kuwamiminia watoto mara kwa mara. Huwezi kuipakia kwenye baiskeli ukaipeleka Choma. Ndiyo maana ujio wa ultrasaundi ulibadilisha mambo. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za kwanza za tumbo kwa mawimbi ya sauti mwaka 1958, na kufikia miaka ya 1980 mashine zilikuwa zimepungua ukubwa kiasi cha kubebwa kwa mkono. Pemba na bonde la Kilombero vilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika Mashariki ambapo watafiti walizipeleka kwenye jamii, wakawalaza watu waliokuwa wakiishi na kichocho na kuwatazama vibofu na figo palepale.

Kanuni yake haina uchawi. Mnunuzi wa tikiti maji sokoni hulibisha kwa kidole, akasikiliza mlio, akajua limeiva au bado. Mashine nayo hubisha kwa sauti, ila ni sauti ya juu mno kwa sikio, mitetemo milioni tatu na nusu au zaidi kwa sekunde, ikisafiri mwilini takriban mita 1,540 kila sekunde. Inapokutana na mpaka, kama wa nyama na maji au nyama na jiwe, sehemu yake hurudi. Mashine hupima muda wa kurudi na nguvu ya mwangwi, ikachora. Maji hayarudishi kitu, kwa hiyo huonekana meusi. Jiwe hurudisha karibu kila kitu, kwa hiyo hung'aa jeupe na nyuma yake hudondosha kivuli kirefu. Hakuna mionzi. Unaweza kumpima mtoto leo, na kesho, na mwakani.

Na kwa bahati nzuri, kibofu ni mfuko wa maji. Kiungo hiki karibu kimeumbwa kwa ajili ya ultrasaundi, sharti kiwe kimejaa. Ndiyo maana mtu akienda kupimwa huambiwa anywe maji na asiende msalani, agizo linalowakera watu kuliko sindano. Kibofu kilichojaa huonekana kama ziwa jeusi lenye ukingo mwembamba, laini. Kibofu cha mwenye kichocho cha muda mrefu hakina ukingo huo. Ukuta wake umenenepa, zaidi ya milimita 5 hata kikiwa kimejaa, na uso wa ndani una matuta. Pengine nyama imeota na kuning'inia ndani ya lile jeusi. Pengine ukuta mzima unang'aa, kwa sababu mayai yaliyonaswa humo na kufa yamegeuka chokaa. Kwenye eksirei ya kawaida kibofu cha hivyo huonekana kama kichwa cha mtoto aliye tumboni, na wanafunzi wa udaktari huonyeshwa filamu ya mwanamume na kuulizwa mimba ina miezi mingapi.

Kisha mpimaji hupandisha kichwa cha mashine ubavuni, kutafuta figo. Figo yenye afya ina kiini cheupe kilichobana. Mkojo ukirudi nyuma, kile cheupe hufunguka, na weusi ukaingia katikati, ukachanua kama vidole. Hapa pana mtego ambao watu wa Shirika la Afya Duniani waliuweka bayana katika mwongozo uliotokana na mkutano wao wa Niamey, Niger, mwaka 1996: mtu aliyebana mkojo sana figo zake zinaweza kuonekana zimetanuka ilhali hana ugonjwa. Kwa hiyo ukiona weusi, usiandike. Mwambie akakojoe, arudi, mtazame tena. Ukibaki, ndipo una habari. Ni dakika kumi tu za kungoja, lakini ni dakika zinazotofautisha kipimo na ramli.

Picha hizo zina faida gani kama dawa ni ileile? Swali hili nimelisikia kutoka kwa watu wenye elimu, na linastahili jibu. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo. Kwa watoto, vinundu na unene wa kibofu mara nyingi hupungua katika miezi michache baada ya dawa, na hiyo ni habari nzuri isiyotangazwa vya kutosha. Lakini si kila kitu hurudi. Mrija uliokazwa na kovu hautalegezwa na kidonge, na figo inayosukumwa na mkojo mwaka hadi mwaka hufa kimya. Mtu wa namna hii anahitaji daktari wa upasuaji, na hakuna kipimo cha mkojo kitakachomtambua. Mkojo wake unaweza kuwa safi kabisa. Minyoo imekwisha, mayai hayatoki tena, na mtihani wa maabara unamwambia amepona.

Kuna na saratani. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliuweka mnyoo huu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1994, kundi moja na moshi wa sigara. Mwaka 2013 Peter Rambau na wenzake wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha matokeo ya kupekua kumbukumbu za miaka 10 za saratani ya kibofu kaskazini magharibi mwa Tanzania. Zaidi ya nusu ya saratani hizo zilikuwa za aina ya seli bapa, aina ambayo Ulaya na Marekani ni ya nadra, na ambayo popote duniani inapozidi, huandamana na kichocho. Wengi wa wagonjwa kama hao hufika hospitali ugonjwa umeshatoboa ukuta na kutambaa nje. Ukirudisha filamu nyuma, utakuta miaka ya mkojo mwekundu na rundo la kadi zilizoandikwa neno moja: UTI.

Niliseme hili wazi. Yutiai imekuwa kapu la taka la zahanati zetu. Kiuno kinauma, yutiai. Tumbo la chini linawaka, yutiai. Mtoto wa miaka kumi anakojoa damu katika wilaya iliyojaa malambo, yutiai, na dozi ya antibayotiki mkononi. Bakteria wa njia ya mkojo wapo na wanatesa watu, hasa wanawake. Lakini damu katika mkojo wa mvulana wa Choma ina mshukiwa wa kwanza anayejulikana, na sampuli nzuri ya kumkamata ni ya kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, ikiwezekana baada ya kumkimbiza kidogo uwanjani. Na damu katika mkojo wa mtu wa miaka hamsini, hata ikitoka siku moja ikakoma, inadai picha.

Tushuke chini kidogo, penye aibu zaidi, kwenye korodani.

Njia kuu ya misafara ilipita kusini mwa Choma, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, na jirani zake Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake mashuhuri. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeifuata njia hiyo na kufika Kaze, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika baadaye kitabu juu ya Zanzibar ambamo hakuacha kutaja wingi wa mabusha aliyoyaona huko. Pwani busha lina mbu wake. Minyoo ya filaria huziba mirija ya limfu, na maji hujikusanya kwenye mfuko wa korodani. Ndiyo sababu mpango wa taifa wa kugawa dawa dhidi ya matende na mabusha ulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Huku magharibi filaria si mkuu wa baraza kama pwani, ila busha lipo. Linaweza kuja baada ya kuumia, baada ya maambukizi, au bila sababu inayojulikana.

Kabla ya mashine, mganga alitumia tochi. Chumba kikiwa na giza, mwanga ukawekwa nyuma ya uvimbe: ukipenya na kung'aa mwekundu, ni maji, ukigoma, ni kitu kingine. Kipimo hicho bado ni halali, na mganga asiyekitumia kwa kuwa ana mashine ana uvivu. Kasoro yake ni kwamba hakioni kilichojificha ndani ya maji. Vijana hupata uvimbe wa saratani ya korodani ambao hutengeneza maji kidogo pembeni, na maji yakawa pazia. Ultrasaundi ya eneo hili hutumia kichwa chembamba cha sauti ya juu zaidi, mitetemo kuanzia milioni 7, kwa sababu viungo viko karibu na ngozi. Huonyesha korodani kama yai la kijivu kilicho sawasawa, ndani ya maji meusi. Doa lolote ndani ya kijivu hicho ni la kushughulikiwa haraka. Ngiri ya utumbo nayo hujitambulisha yenyewe: mgonjwa akikohoa, utumbo huteremka mbele ya macho yako.

Nitoke nje ya mada hapa kidogo, kwa kuwa kisa chenyewe kinapendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Recife, Brazili, Fernando Amaral, Gerusa Dreyer na wenzao walikuwa wakiwapima kwa ultrasaundi wanaume wenye filaria wasioonyesha uvimbe wowote. Ndani ya mirija ya limfu ya mfuko wa korodani waliona vitu vinajinyonganyonga bila kupumzika. Walikuwa minyoo wazima, hai, wakionekana kwa mara ya kwanza nyumbani kwao bila kisu. Waliuita mwendo huo dansi ya filaria, na tangu hapo watafiti waliweza kumpa mtu dawa na kurudi kutazama kama wachezaji bado wako ukumbini.

Kuna hali moja, hata hivyo, ambamo picha inaweza kuwa adui. Mvulana wa miaka kumi na mitatu au kumi na sita anaamshwa usiku na maumivu makali ya korodani moja. Anatapika. Korodani imepanda juu na imelala upande. Kilichotokea ni kwamba imejizungusha kwenye mshipa wake, na damu imekatika. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 kwa kawaida huokoka. Ikipita siku nzima, kilichobaki ni kuiondoa. Ultrasaundi yenye rangi inaweza kuthibitisha kwamba damu haiendi, na inasaidia sana kutofautisha na uambukizo, ambamo damu huzidi badala ya kukatika. Lakini kama mashine haipo, au mpimaji amekwenda kwao wikiendi, au foleni ni ndefu, daktari mwenye shaka anatakiwa afungue bila picha. Mvulana wa Choma ana tatizo la ziada. Atamwambia nani? Hamwambii mama. Baba amelala. Anavumilia mpaka asubuhi, na asubuhi saa zake sita zimekwisha. Kwa wajawazito nchi ilijenga mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa na kisha kuenea nchini, ambao mtu hupiga namba 115 na usafiri wa dharura ukatafutwa. Tunaweza kupanga usafiri wa usiku vijijini, tumeshathibitisha. Hatujaamua tu kwamba korodani ya mtoto wa darasa la saba ni dharura.

Na wazee? Wazee wana tezi dume, na wana hofu ya kidole. Kila aliyefika miaka hamsini amesikia habari za kidole cha daktari, nyingi zikiwa zimetiwa chumvi kijiweni, na wapo walioapa kufa na mkojo wao kuliko kupimwa. Kwa hao ultrasaundi ni mlango wa heshima. Tezi huonekana kupitia kibofu kilichojaa, tumboni juu ya nywele, bila mtu kuvua kila kitu. Mpimaji huchukua urefu, upana na kina, huzidisha vyote pamoja kisha mara 0.52, akapata ujazo. Tezi ya kijana ni mililita 20 hivi. Kisha, jambo muhimu kuliko ukubwa, mzee huambiwa akakojoe na kurudi, na kinachobaki kibofuni hupimwa. Kuna tezi kubwa zisizosumbua, na tezi ndogo zinazoacha nusu lita ndani. Nisiwadanganye wazee wangu: picha hii haiwezi kusema kama kuna saratani. Kipimo cha damu cha PSA kinahitajika, na kidole bado kina kazi yake.

Mawe ya figo nayapita haraka. Yaliyo ndani ya figo ultrasaundi huyaona vizuri. Yaliyokwama katikati ya mrija mara nyingi huyakosa, na hapo CT scan ndiyo hakimu. Mashine hizo sasa zimefika kwenye hospitali za rufaa za mikoa, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa sehemu ya zile Sh trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa mwaka 2021. Mtu wa Igunga mwenye jiwe hahitaji tena kwenda Dar es Salaam kulitafuta.

Turudi kwenye benchi la kituo cha afya, maana ndipo mambo yanapokwama. Nje ya chumba cha ultrasaundi wamekaa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na kadi yake ya kliniki na khanga mabegani. Mwanamume akija na karatasi ya daktari, hasogei karibu. Husimama chini ya mwarobaini akijifanya amemsindikiza mtu. Ndani, mpimaji ni binti wa miaka ishirini na sita, rika la binti yake wa mwisho.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Umekuja na mama?"

"Nimekuja mwenyewe."

Ukimya hapo huwa mrefu. Mpimaji mzuri hausubiri umalizike wenyewe. Humwambia mzee alale, humpa shuka ajifunike mwenyewe, humwambia ashike uume aupandishe tumboni na kuufunika kwa kitambaa, akabakiza sehemu inayotazamwa tu, humwonya kwamba mafuta ni ya baridi. Humwita baba kila sentensi. Hafungui mlango kumwita mwenzake aje kuona. Ni utaratibu wa dakika mbili ambao hauhitaji bajeti ya wizara, na bila huo mzee hatarudi, na atawaambia wenzake kijiweni kwa nini.

Sitawalaumu waliozipeleka mashine hizi kwa wajawazito. Wanawake walikuwa wakifa kwa kondo lililotangulia na watoto waliolala vibaya, na bado wanakufa. Ilikuwa haki waanze. Ila mashine ile inayoonyesha kichwa cha mtoto inatumia kichwa kilekile cha sauti, mafuta yaleyale na umeme uleule kuonyesha kibofu na figo. Pengo liko kwenye mafunzo. Wapimaji wengi wa vituo vya vijijini wamefundishwa kozi fupi za uzazi: umri wa mimba, mapigo ya moyo, kondo liko wapi. Hawajafundishwa kutazama ukuta wa kibofu. Kichekesho ni kwamba kila siku wanautazama. Mjamzito wa miezi mitatu hupimwa kibofu kikiwa kimejaa, kipo pale mbele ya skrini, na kama alikulia kando ya lambo huenda ukuta wake umeandika historia yake yote. Mpimaji hukipita kwenda kumtafuta mtoto.

Kuna na suala la ndoa zisizopata mtoto. Familia humpeleka mke, akapimwa, akapimwa tena, akanyweshwa dawa za kienyeji, pengine akaachwa. Mume hajawahi kulala kwenye kitanda kile hata mara moja, wakati uchunguzi wa dakika kumi ungeweza kuonyesha mishipa iliyotanuka juu ya korodani, inayovimba zaidi anaposukuma pumzi, au korodani iliyonywea, au ile ambayo tangu kuzaliwa haikushuka na imejificha kinenani. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Nadhani walikuwa wakimsema mume huyu.

Kama ningeulizwa, ningeanza na siku ya dawa za kichocho shuleni. Siku hiyo watoto wamekusanyika tayari, rula ya kupimia urefu ipo, mwalimu ana orodha. Ongeza swali moja: nani amekojoa damu mwezi huu? Watoto husema kweli wakiulizwa hivyo, na watafiti wamelitumia swali hilo kwa miaka mingi kutambua vijiji vyenye ugonjwa. Wanaonyoosha mikono wapewe dawa kama wenzao, kisha wiki chache baadaye mashine ya kubebeka iwafuate, iwatazame kibofu na figo mbili. Wengi watakutwa wazima au njiani kupona. Wachache wenye figo nyeusi wapelekwe mbele. Igunga ina bahati ya kuwa na Hospitali ya Rufaa Nkinga, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden, ndani ya wilaya yenyewe. Baada yake kuna Kitete mjini Tabora na Bugando jijini Mwanza.

Na kwa msomaji ambaye hataki kungoja mipango ya serikali: ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo unakatika na kudondoka, au uvimbe wowote chini, nenda dirishani ueleze kwa maneno yako ya kawaida, uombe kupimwa mkojo na kupigwa picha ya figo na kibofu. Kunywa nusu lita ya maji hadi lita moja saa moja kabla, na usiende msalani mpaka uambiwe. Vaa suruali inayofunguka kirahisi. Kama una karatasi ya kipimo cha zamani, ibebe, kwa sababu ukuta wa kibofu wa mwaka huu husomwa vizuri ukilinganishwa na wa mwaka jana. Ukiona unaogopa benchi la akina mama, waulize wahudumu ni siku gani hakuna kliniki ya wajawazito. Vituo vingi vina siku zake, na siku hizo mlango ule huwa hauna foleni.